Mishubiri Uliyotuletea kutoka Lodwar

Baba mpendwa,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, maana tangu alfajiri kila nikikaa nainuka. Mama amenikemea mara mbili. "Utatoboa sakafu," anasema. Barua hii na isomwe na yeyote atakayeiona. Siri katika nyumba hii zimetosha.

Bado naliona lori lako likiegeshwa hapa nje, Khayega, baada ya wiki tatu za safari. Ulikuwa ukipeleka sukari na unga Lodwar. Mwenzangu darasani, ambaye babake pia alikuwa dereva, aliletewa viatu. Mimi uliniletea mmea, umeufunga kwa kipande cha gunia. Mshubiri mfupi, haukuzidi kiganja changu, majani manene yenye madoa meupe na miiba pembeni. Nililia. Ukachuchumaa mbele yangu ukasema, "Ngoja utoe maua, mama. Utaniomba msamaha."

Lakini hapa ni Kakamega. Hapa ukichomeka kuni ardhini inachipuka, na mmea wa jangwani unaoza. Ukachukua kona ambayo Mama alikuwa anapandanga kunde, ukarundika mchanga na kokoto mpaka pakawa na kichuguu, kisha ukasimamisha vigingi na kuezeka mabati mawili makuukuu juu yake. Majirani walisimama njiani wakacheka. "Mwenzetu amelima mawe!" Kila safari uliongeza mshubiri mmoja au miwili. Mimi ndiye nilikushikia mche ukiujaza kokoto shinani, na nikileta kopo la maji ulinizuia: "Wacha. Hii si sukuma wiki." Kiangazi cha Januari kilipofika, vikonyo vikainuka na maua ya rangi ya machungwa, na ndege wadogo wenye midomo mirefu wakaja kunyonya. Nilikuomba msamaha kweli. Ulicheka hadi ukakohoa.

Nilidhani bustani ile ilikuwa yetu, mimi na wewe.

Mwaka jana tukakuzika. Kabla jeneza halijashushwa, mwanamke mmoja aliingia uani, mrefu, shanga shingoni, vumbi la safari bado liko miguuni. Nyuma yake alikuwa na msichana, mdogo kwangu kwa miaka michache. Msichana alikuwa na paji lako la uso. Mtu alipomsalimu, alikuna sikio kama wewe. Hakuna aliyehitaji kutueleza. Watu wote walimtazama Mama. Mama akasema, "Leteni viti viwili. Hapa, kando yangu."

Jioni ile waliondoka. Kesho yake nilichukua jembe nikaenda kwenye kichuguu chako. Nilikuwa nimeliinua kwa pigo la kwanza Mama aliponishika mkono.

"Hiyo mimea imekukosea nini?"

"Imetoka kwake!"

"Najua ilikotoka. Habari ya yule mwanamke niliijua kabla hujaanza shule."

"Na ukanyamaza?"

"Ningemwambia nani? Mwenyewe alikuwa barabarani."

Nikaangusha jembe. Lakini sikutulia, Baba, na lazima nikiri nililofanya. Mvua za Machi zilipokaribia, niliyang'oa mabati yako nikayapeleka kwenye banda la kuku. Nilijiambia kuku wanalowa. Mvua ikanyesha mwezi mzima. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia, na kila asubuhi majani yalikuwa yamelegea zaidi, yakawa ya kahawia, yakanuka. Nilitaka nifurahi. Badala yake nikawa sili. Nikianza kufua naacha, nikienda sokoni narudi bila nilichofuata.

Ndipo nikatafuta kitabu cha wageni cha matanga. Jina la yule msichana lilikuwa ukurasa wa mwisho: Nakiru, na namba ya simu.

"Ni mimi," nilisema. "Wa Khayega."

"Imeoza?" akauliza.

"Umejuaje?"

"Si ilikuwa inaoza kila mwaka? Baba alikuwa akifika tu anamwambia Mama, nipe mingine, ile imekufa."

Nikakaa chini palepale, kwenye kokoto. Sikujua. Miaka yote niliamini ni mimea ileile, kumbe ulikuwa ukitupa iliyokufa mimi nikiwa shuleni na kupanda mingine mahali pake.

Nakiru alifika baada ya siku nne na katoni ya nguo mkononi. Hakuniuliza mabati yako wapi. Alienda mwenyewe kwenye banda la kuku akayatazama, akanitazama, akaomba kisu. Tuling'oa yote. Tulikata kilichooza hadi tukafika penye nyama safi, na machipukizi mazima tukayapanga kwenye gazeti, kivulini, vidonda vikauke. "Siku tano," alisema. "Ukiharakisha unaua."

Siku tano tulikaa nyumba moja bila kazi ya kutushika. Siku ya kwanza tulizungumzia kuku. Siku ya tatu akauliza, "Wewe alikufundisha baiskeli?"

"Ndiyo. Barabara ya kwenda Shinyalu."

"Mimi alisema atanifundisha akija kukaa." Akakuna sikio. "Alikuwa anasema hivyo kila mwaka."

Nilikuwa nimemchukia kwa sababu nilidhani yeye ndiye alipewa baba anayekaa. Yeye alidhani ni mimi. Sasa niambie, Baba, ulikuwa unakaa wapi?

Tumepanda upya, na mabati yamerudi kwenye vigingi. Kati ya mishubiri ishirini na kitu imepona saba. Sijui kama nimekusamehe. Kuna asubuhi naamka nikidhani ndiyo, na kabla chai haijachemka nimekasirika tena.

Nakiru anarudi Lodwar leo, na ameniomba twende pamoja nikaione bustani ya mamake. Anasema kule mishubiri haihitaji paa, inajaa ua mzima, na mingine ulipanda wewe. Nimefunga begi, nimelifungua, nimelifunga tena. Sijui nitamwamkiaje mama yule. Nilipomuuliza Mama, aliingia chumbani.

Ametoka sasa hivi. Amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga, na mkoba uko begani. Nakiru ameinuka kitini.

"Mama, unaenda wapi?"

"Lodwar," amesema. "Nyinyi mnaenda kuangalia maua. Mimi kuna mtu nataka kuzungumza naye kabla hatujazeeka sote."

Pumzika, Baba, kama unaweza. Sisi tunaondoka.

Binti yako wa Khayega