Moshi Mweupe wa Prokop Hryniuk

Shambani, karibu na Wadena, Saskatchewan
12 Januari 1984

Kwako Stefka,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na hayo mabasi yako ya Winnipeg. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini ulikuwa unauma kabla hujazaliwa, kwa hiyo hilo sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu simu umenikatia mara mbili, na sina mpango wa kupiga ya tatu.

Krismasi yetu, kwa kalenda ya kanisa letu, ilikuwa tarehe saba ya mwezi huu. Ngano ya asali nimeipika mwenyewe na kuila mwenyewe. Kiti chako kilikuwa wazi. Cha mama yako kilikuwa wazi pia, ila yeye ana sababu.

Sasa nisikilize, maana wewe ndiye unayelipwa kushika injini. Pikapu inatoa moshi asubuhi. Ile hita ya kupashia injini usiku iliungua kabla ya Krismasi, nikaitoa, tundu nikaliziba kwa bati na boliti. Tangu hapo gari linalala baridi. Nikiwasha, wingu zima linatoka nyuma na kufunika mlango wa ghala, kisha linapungua, kisha linaisha. Nikifika mjini injini imeshapata moto na hakuna moshi wowote. Fundi wa pale mjini hakufungua hata boneti. Alisimama mikono mfukoni, akaniambia, "Mzee, liuze chuma chakavu, uhamie kwenye nyumba ya wazee. Wana supu ya moto pale." Nilimwambia supu hiyo ampelekee baba yake.

Moshi ni mweupe. Maji ya rejeta yanapungua, nimeongeza mara mbili. Kost, jirani yangu, anasema moshi ni wa buluu. Kost amekuwa mwongo tangu tukiwa shule. Kila asubuhi anapita na trekta na kupiga kelele, "Prokop, gari lako linavuta sigara kama shangazi yangu!"

Nataka jibu moja tu: ni gasketi ya silinda hedi au siyo? Kama ndiyo, hapa nimekwisha. Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, siwezi kuinyanyua tena peke yangu, na bila gari huku hakuna anayeishi majira ya baridi. Sikuombi huruma. Nakuomba jibu, wewe ambaye hata kunishikia taa ulikuwa huwezi. Mwanga ulikuwa kila mahali ila kwenye boliti.

Nimekufungia na kile kitambaa cha kichwa cha mama yako, cha buluu, ulichokipigia kelele mbele ya padri siku ya mazishi. Sasa usiseme nakificha.

Baba yako, upende usipende,
Prokop


Winnipeg
23 Januari 1984

Kwako Baba,

Salamu. Mimi ni mzima. Natumaini nawe ni mzima na mgongo umepoa. Hayo yametosha.

Kitambaa ulichonitumia ni cheupe. Kina maua mekundu kama kile cha Mama, lakini ni kile cheupe alichokinunua kwenye mnada wa kanisa na hakukivaa hata siku moja. Cha buluu ndicho alichokivaa hospitalini, na ndicho nilichokuomba. Ulijua. Uliingia kwenye droo, ukaona viwili, ukachagua cha kunitukania. Kazi nzuri. Imenifikia.

Kuhusu gari. Niliposhindwa kukushikia taa nilikuwa na miaka tisa, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ulipomwambia Mama kwamba msichana hana kazi kwenye karakana nilikuwa na kumi na saba. Leo nina mafundi sita chini yangu, na hakuna anayeniuliza ni nani aliyenifundisha, jambo ambalo nashukuru.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi mweupe wakati maji ya rejeta yanapungua ni maji yanayoingia kwenye silinda, na njia yake ya kwanza ni gasketi ya hedi. Umeniambia mweupe, umeniambia maji yanapungua. Kwa maneno hayo mawili jibu ni ndiyo, ni gasketi. Acha kuliendesha. Siku moja litazimika katikati ya barabara na wewe utaganda humo ndani. Fundi wa mjini hana adabu, lakini amekuambia ukweli.

Kitu kimoja tu hakikai sawa. Moshi wa gasketi mara nyingi hauishi haraka hivyo. Kwa hiyo fanya jaribio moja kabla hujauza. Acha gari lilale nje. Asubuhi, kabla hujaliwasha, shika kitambaa cheupe kisafi nyuma ya ekzosi, umbali wa kiganja. Kost awashe. Liache lingurume mpaka wingu liishe. Kisha usikifue, usikikunje mara nyingi, kitie kwenye bahasha unitumie. Nitakisoma mwenyewe. Macho yako siyaamini, na ya Kost siyajui.

Binti yako,
Stefka


Shambani
4 Februari 1984

Kwako Stefka,

Salamu kutoka kwa mzee anayetukana watu kwa vitambaa. Ni mzima. Baridi imelegea, mbwa anatoka nje bila kuombwa. Wewe je, kifua chako? Ulikuwa unakohoa kwenye simu kabla hujanikatia.

Kitambaa nilichokutumia ni cha buluu. Nilikitazama dirishani mchana. Miaka arobaini na moja nilikuwa namwona mama yako na kitambaa hicho kichwani, halafu wewe unifundishe rangi? Kama Winnipeg wamekufundisha kwamba buluu ni nyeupe, basi wamekufundisha na injini hivyo hivyo.

Jaribio nimelifanya, si kwa ajili yako, bali kumfunga mdomo Kost. Nilichukua kile kitambaa kingine droo ile ile, kile cheupe kisicho na kazi, unachosema hakukivaa. Nikamwambia Kost aingie aiwashe. Akaniangalia.

"We Prokop, unakwenda kufanya nini na hicho?"

"Nakwenda kukuumbua."

"Na hicho? Hicho kitambaa?"

"Ulitaka nitumie shuka? Washa!"

Akaiwasha. Wingu likatoka, jeupe kama kawaida, nikashika kitambaa mpaka likaisha. Nilipogeuka nikamkuta Kost ameshuka, amevua kofia, na kichwa chake chote upara katika baridi ile. Nikamwuliza, "Haya, rangi gani?" Akakitazama kitambaa. Akaenda kwenye trekta lake bila kunywa chai. Hivyo ndivyo anavyoshindwa mtu mwenye haya.

Tangu siku hiyo hapiti. Au amekasirika kwa sababu ya sanduku lake la barua. Nililigonga jioni nikitoka kanisani. Analiweka karibu mno na barabara, na magari yanayokuja siku hizi yana taa kama nyota zilizopasuka, sijui nani anaruhusu taa za namna hiyo.

Bahasha hii ina kitambaa. Kisome, uniambie kwamba nimekwisha. Utafurahi.

Baba yako,
Prokop


Winnipeg
13 Februari 1984

Kwako Baba,

Salamu. Kifua changu kimepona. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Kwanza gari, kwa kuwa ndilo uliloniuliza. Kitambaa kimetota oili. Si maji. Doa la maji lingekauka njiani, hili limefika likiwa bado linateleza kwenye vidole. Ni sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Mpira umekuwa mgumu kwa uzee, oili inashuka usiku kidogo kidogo, asubuhi inaungua, kisha basi. Hita ilipokuwa nzima, injini haikupoa kabisa, ndiyo maana hukuliona tatizo. Gasketi yako haina kosa. Maji yanapotelea kwenye lile bati ulilozibia tundu la hita mwenyewe. Pitisha kidole chini yake, utakuta unyevu. Nilikuambia jibu ni ndiyo. Jibu ni hapana. Hedi haihitaji kunyanyuliwa, sili zinabadilishwa kwa mchana mmoja, na injini hiyo ina miaka kumi mbele yake.

Kwa hiyo moshi ulikuwa wa buluu. Kost alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Sasa la pili. Kitambaa ulichokishika nyuma ya ekzosi si kile cheupe. Ni cha Mama. Ni cha buluu. Nimekiweka sasa hivi kando ya kile ulichonitumia mwezi uliopita, juu ya meza, mchana, jua linaingia. Kimoja cheupe, kimoja cha buluu iliyopauka, na katikati ya hicho cha buluu kuna doa jeusi kubwa kama sahani. Kost alivua kofia kwa sababu alikitambua.

Nilikaa na hasira siku mbili, nikidhani umefanya makusudi. Kisha nikasoma barua zako upya, zote mbili. Moshi mweupe. Kitambaa cha buluu. Taa kama nyota zilizopasuka. Sanduku la barua. Hukufanya makusudi, Baba. Huoni buluu. Jicho lako limeingia ukungu wa njano na buluu haipiti humo. Ni mtoto wa jicho, na bila shaka macho yote mawili. Anayejua zaidi ni daktari, lakini mimi ninayesoma moshi kwa kazi nakuambia: gari ni zima. Mbovu ni wewe.

Nakurudishia vitambaa vyote viwili. Viweke mezani mchana, dirishani. Chagua cha Mama. Kisha mwite Kost achague yeye.

Mpaka hapo usiendeshe. Sikubembelezi. Barabara si yako peke yako. Wajukuu wa Kost wanasubiri basi la shule pale pale sanduku lilipokuwa. Ukiwasha tena hiyo pikapu nitampigia Kost aje atoe rota ya distribyuta, ambayo bila hiyo injini haiwaki, na kuitupa kwenye theluji. Wiki hii umenishinda mara moja, kwa gasketi. Mara ya pili hunishindi.

Mtoto wa jicho hutolewa. Saskatoon wanafanya kila siku.

Binti yako,
Stefka


Winnipeg
16 Machi 1984

Kwako Baba,

Salamu. Hujajibu. Simu inalia, huipokei. Mke wa Kost anasema moshi wa jiko unatoka kwenye bomba lako na wewe unasikika ukimtukana mbwa, kwa hiyo u hai. Anasema pia kuna alama mpya za magurudumu kwenye theluji, kutoka ghalani hadi barabarani na kurudi.

Nijibu. Hata kwa matusi.

Stefka


Shambani
29 Machi 1984

Kwako Stefka,

Salamu. Ni mzima, na mgongo ni ule ule. Theluji inaanza kuoza pembeni ya barabara. Umeomba matusi, nitayagawa vizuri yatoshe barua nzima.

Vitambaa vilifika. Niliviweka mezani, dirishani, mchana, kama ulivyoamuru. Vyote vilikuwa vyeupe, tofauti ni doa tu. Nikasema, huyu msichana amenitumia viwili vyeupe ili nijione mwendawazimu, apate kuliuza shamba langu. Nikavitupa juu ya kabati. Nikaingia kwenye pikapu niende mjini nikupigie simu kwenye posta, nikutukane mbele za watu.

Nilifika barabarani. Pale kwenye nguzo ya sanduku la Kost palikuwa na kitu. Nilikiona kama rundo la theluji. Kilipohama nikakanyaga breki. Alikuwa mjukuu mdogo wa Kost, na koti lake. Sikumgusa. Alinipungia mkono, hakujua lolote. Nilirudi kinyumenyume hadi ghalani.

Jioni nilikwenda kwa Kost kwa miguu. Nilimwuliza, "Koti la mjukuu wako ni la rangi gani?"

Akasema, "Buluu."

"Na moshi wangu?"

"Prokop, nimekuambia tangu Krismasi."

"Na kitambaa kile?"

Hapo akavua kofia tena. Kisha akasema, "Nilidhani umemchoka mkeo hata akiwa kaburini. Nikaona si juu yangu kusema." Nikamwita mpumbavu. Akaniita mpumbavu. Tukanywa chai.

Alinipeleka kwa daktari, Saskatoon, kwa gari lake, na njia nzima aliimba. Daktari amesema ulivyosema, neno kwa neno, na yeye nimemtukana pia. Jicho la kwanza litapasuliwa mwezi wa tano. Usidhani umeshinda. Gasketi ulikosea.

Chini ya bati palikuwa na unyevu. Nimelikaza.

Kitambaa nimekifua kwa sabuni ya majivu, kwa mafuta ya taa, kwa kila kitu. Doa halitoki. Kama bado unakitaka kiko juu ya meza. Sikukipeleka posta, uje ukichukue mwenyewe.

Funguo za pikapu ziko kwenye msumari, ndani ya mlango. Uje kabla watu hawajaanza kupanda, na uje na sili zako mwenyewe, mimi siagizi. Ghalani bado giza hata mchana. Injini utaifungua wewe. Nitakushikia taa, na ukiona mwanga uko kila mahali ila kwenye boliti, piga kelele.

Baba yako,
Prokop