Ile Bima Waliyokukata, Baba

Baba,

Shikamoo. Mimi si mtu wa maneno, unanijua, lakini hili nataka ulisikie kwangu.

Siku tunakuzika, Baba Mdogo alisimama kaburini akatangaza kama desturi: anayemdai marehemu aje aonane na familia. Akajitokeza afisa mikopo wa Mbinga, wa ule mkopo wako wa mbolea ya kahawa. Baba Mdogo akamjibu mbele ya watu wote, "Tutalipa." Ukoo ukishasema hivyo, basi. Mama akauza nguruwe wawili, akapeleka marejesho miezi miwili. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Wenye mkopo wakasema wanachukua shamba, hati yake si wanayo.

Nikatoa karatasi zako. Nilisoma kwa kidole, Baba, siku tatu. Nikakuta siku wanakukopesha walikukata hela ya bima: mkopaji akifa, bima inamaliza deni. Baba Mdogo nilipomwonyesha akawaka, "Unataka watu waseme kaka yangu kafa akakimbia deni? Usituaibishe!" Ila nikaenda Mbinga, ofisini kwao.

Yule afisa hata karatasi hakuishika. "Kijana, umesoma mpaka la ngapi?" Nikasema la nne. "Basi kamlete aliyesoma." Foleni nzima ikacheka. Nikakaa kwenye benchi. Kelele siwezi, kukaa naweza. Wakafunga, kesho yake nikarudi, mpaka meneja akauliza huyu anasubiri nini. Nikampa barua yangu ya malalamiko na cheti chako cha kifo, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri. Nikamwambia wasiponijibu naipeleka juu, kwa wanaosikiliza kesi za wateja na watoa mikopo. Sauti ilikuwa ndogo, Baba, lakini ilitoka.

Wiki ya tano wakaniita. Deni bima imelimaliza. Hela ya Mama imerudi. Hati niliiweka ndani ya shati, kifuani, mpaka nyumbani kwetu Ukata.

Baba Mdogo akaja, akakaa, akasema nimsomee barua yao. Nikasoma. "Soma tena, polepole, shemeji asikie." Mama akalia. Kesho yake nasikia Baba Mdogo anawatambia watu kilabuni, "Mtoto wa kaka kawabana kwa karatasi yao wenyewe!" Nilipita nimeinamisha kichwa, ila nilikuwa nacheka.

Pumzika, Baba. Jumatatu nampeleka mjini mjane wa jirani yetu, naye wanamdai hivyohivyo. Nitaongea mimi. Na kahawa yako tutaivuna sisi, nakuahidi.

Mwanao.