Nilikuwa Naipima Tu Pombe Yangu

Lynnette shika simu. Nimejifungia chooni na huko nje wanapiga vigelegele.

Nimeposwa shoga. NIMEPOSWA. Na Katana! Huyu huyu Katana muuza simiti wa hapa Timbwani.

Unakumbuka lile dumu la pombe ya mtama alilonunua kwangu juzi, akasema ni ya mzee fulani? Mzee mwenyewe ni baba! Leo Katana amekuja nalo na wajomba zake, wakalitua mbele ya baba.

Mama akaniita, nikaenda nikatoa shikamoo zangu. Mjomba mtu akajaza kikombe akanipa. "Onja, mwanangu."

Nikaonja.

Lynnette, mimi nilikuwa naangalia kama imechacha kupita kiasi! Si unajua sukari iliniishia nikamalizia na maganda ya nanasi? Tangu siku ile roho haijatulia. Akili yangu yote iko kwa pombe. Hata nikaitikia kwa kichwa nikasema, "Iko sawa."

IKO SAWA! Mbele ya wazee!

Nyumba nzima vigelegele. Ndipo nikakumbuka kwetu binti akionja pombe ya posa, amekubali.

Nikamnong'oneza mama, jamani nilikuwa naipima tu. Akanijibu, "Umeonja, umesifu, na baba yako yuko kikombe cha tatu. Sasa mimi niwaambie nini?"

Na huyu anayenigongea mlango ni shangazi yake Katana. Anauliza pombe ya harusi nitapika ndoo ngapi.