Mihogo ya Mama Riziki

Mujukuu wangu Neema,

Siye huku Mudzipela tuko wazima. Dada yako amejifungua mutoto mwanamuke, na kilio chake kinashinda jogoo.

Unaniuliza upande nini huko Lubumbashi, jua likiwa kali. Siye hatukuandika mimea kwenye kaye, lile daftari la masomo. Kila mumea tuliuita jina la mutu aliyetupa mbegu. Wakati wa vita tulikimbia, na jirani yetu Mama Riziki akakimbia njia yake. Tuliporudi, kiangazi kilikuwa kimemaliza bustani. Nyanya za shangazi, kwisha! Maboga ya katekista, kwisha! Mihogo ya Mama Riziki tu ilisimama, mibichi.

Baadaye naye akarudi, kwake hakuna hata kijiti. Watu wakaninong'oneza: "Yule si wa kwetu." Nikatoka na panga. Njia nzima ikavuta watoto ndani. Nikakata fungu la vijiti vya ile mihogo, vya kupanda, nikamubebea mpaka mulangoni.

"Mama Riziki, chukua mihogo yako."

Basi weye pia uliza majirani mumea gani unavumilia jua, na usisahau jina la atakayekupa.

Leo mihogo kwa Mama Riziki imejaa mpaka njiani. Ukimuuliza ni ya nani, anajibu kwa sauti: "Ya Mama Esta!"

Ni miye, Koko wako,
Mama Esta