Magoti ya Agnes

Itigi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako kaka yangu Antipasi,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, umeshakunywa uji, na isiwe ile siku ya kusafishwa damu, maana najua ukitoka kwenye mashine hutaki hata kusikia jogoo akiwika. Kristina hajambo? Mwambie binti yako kwamba shangazi yake anamsalimu sana, na anamshukuru kwa kukutunza huko Dodoma wakati wenzake wa rika lake wako kwenye kujipamba. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako Leonard mzima, watoto wazima, mvua imetunyeshea vizuri na uwele umesimama. Shangazi Magreth naye yupo, bado anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi, kwa hiyo ujue ana afya njema.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Kaka, unajijua mwenyewe. Kwenye simu, neno figo likinitoka tu mdomoni, mtandao unaharibika upande wako. Basi nimeona niandike, maana karatasi haikatiki. Barua hii anakuletea Miraji, mume wa rafiki yangu Hana, anayekuja huko kuuza asali. Nimemwomba akae mbele yako mpaka umalize kusoma. Mpe chai na usimkasirikie, yeye katumwa tu.

Unakumbuka tulivyokuja kupimwa, mimi na ndugu yetu Sostenes. Yeye akakutwa na sukari, akarudishwa. Mimi damu yangu ikakubaliana na yako vizuri kabisa, lakini daktari akaniambia kwa upole kwamba mwili wangu ni mzito mno na presha iko juu, hawezi kumtoa figo mtu wa namna ile. Nikapungue kwanza, presha ishuke, ndipo nirudi tuzungumze. Nilipokuja kukueleza, ulifurahi. Kaka, ulifurahi! Ulisema Mungu ameshaamua, na kwamba hata ningekuwa mwembamba kama ufito usingekubali mdogo wako apasuliwe ili wewe uishi, na habari hiyo iishie hapo. Mimi nikanyamaza. Wewe ukadhani nimekubali.

Nilirudi Itigi na treni, nikafika jioni, nikakaa jikoni kumlilia Leonard mpaka ugali ukaungua. Nilisema maneno mengi siku ile. Nilisema kaka yangu atakufa kwa sababu mimi napenda kula. Leonard hakunibembeleza sana, unamjua si mtu wa maneno. Aliipua sufuria, akasema daktari hajakataa, amesema nikapungue, na kupungua si kupanda mbinguni.

Sasa sikia maajabu. Kesho yake asubuhi nikabishiwa hodi na Agnes. Agnes unamkumbuka, yule muuza maandazi wa pale stesheni, ambaye akikaa kwenye benchi wengine wanasimama wenyewe. Mwanamke aliyekuwa anajivunia unene wake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Alikuwa akisema nani atanunua maandazi kwa mtu ambaye mwenyewe anaonekana hayali? Basi siku hiyo kaja kashika magoti, anaguna. Akaniambia magoti yanamuua, kaambiwa apunguze mwili, na peke yake hawezi, je, nisingekubali kumsindikiza katika safari hiyo? Nilimtazama nikaona kumbe Mungu ana haraka kuliko nilivyodhani. Nikamwambia na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, kwa sababu ya gauni la harusi ya mtoto wa Sostenes. Sikumtajia figo. Mji wetu unaujua, neno likitoka kisimani asubuhi, saa sita limefika sokoni, na mama mkwe wangu angelisikia angeshuka kutoka Kinampanda na wazee wa ukoo kuja kunizuia.

Baadaye siku hiyo Hana naye akaja kujiunga. Hapo nilicheka. Hana ni yule ambaye upepo wa Septemba ukivuma tunamshika mkono. Nikamuuliza anataka kupunguza nini, kivuli? Akasema ana sababu zake, na kwamba sisi wawili tukiachwa peke yetu tutaishia kwenye karai la maandazi.

Tukaanza. Alfajiri tunatoka, tunafuata ile njia ya kuelekea kichakani, Agnes mbele akilia magoti, mimi nikihema, Hana nyuma akituswaga kama ndama. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimama kutupa pole na kutuuliza msiba uko wapi watupeleke. Wengine walisema tunakwenda kwa mganga. Siku za kwanza nilikuwa nafika kwenye ule mti wa tatu tu, roho inataka kutoka. Hana anaketi na kungoja kama mtu aliyekuja kupumzika, halafu anasema twende.

Kupimwa tulipimwa kwa Sixbert, kwenye ghala lake la mazao, juu ya mizani ya magunia ya alizeti. Usicheke. Hakukuwa na mizani nyingine ya kumbeba Agnes bila kulalamika. Sixbert kwa heshima alikuwa anageuka kutazama ukutani, lakini asipotazama yeye nani asome? Ikabidi tujifunze kusukuma vile vyuma wenyewe. Agnes alipopanda mara ya kwanza akasema pale ghalani hakuna gunia linalomfikia, na alisema kwa fahari.

Jioni tukaanzisha kikundi chetu kwenye simu. Kila mmoja anatuma picha ya sahani yake, wenzake wanaikagua. Mlenda, kunde, tonge dogo la ugali, basi. Agnes alitutumia picha nzuri za mlenda wiki nzima, tukampongeza, mpaka Hana akagundua kwamba kwenye kila picha paka amelala pale pale, mguu umeinuka vile vile. Ilikuwa picha moja! Tulimcheka mpaka akatuma sauti ya kuomba radhi huku bado anatafuna. Lakini tangu siku hiyo hakudanganya tena. Na njaa ikinibana nikaandika kwamba nakwenda kukaanga mihogo, Hana alikuwa ananijibu palepale. Alisema wao hufunga kila Ramadhani, na alichojifunza ni kwamba njaa ni mgeni tu, ukimsalimu bila kumkaribisha sahani anakaa kidogo na kuondoka. Nilikuwa namsalimu. Alikuwa anaondoka kweli, kaka. Umri wote huu sikuwa najua.

Nilishangaa mambo mengi mwaka huu, lakini hili la mwili limenishangaza kupita yote. Mwili huu niliokuwa naudharau, unasikia. Ukiuambia jambo kila siku bila kuuchokea, unasikia na unatii. Ule mti wa tatu tukaupita, tukaupita na ule mbuyu mzee, na presha ambayo haikuwahi kushuka ikaanza kushuka, mpaka mhudumu wa zahanati akapima mara mbili akidhani kifaa kimeharibika.

Mji nao ukaanza kusema. Huku kwetu mtu akinenepa anapongezwa, akikonda anaulizwa anaumwa nini. Agnes alipopungua, abiria wa treni walianza kumpita wakaenda kununua maandazi kwa wenzake, wakinong'ona kwamba yule mama ana ule ugonjwa. Niliona beseni lake likirudi nyumbani bado lina maandazi, nikamwambia basi yatosha, magoti yamepata nafuu, aache. Akasema bado yanauma.

Mama mkwe naye alifika kutoka Kinampanda, amebeba jogoo na dumu la mafuta ya alizeti. Alimkalisha Leonard chini akamuuliza kwa nini anamtesa kwa njaa mtoto wa watu. Akasema ukoo wao haujawahi kupata aibu hiyo. Mimi nipo mlangoni, nangoja Leonard aseme ukweli ajitetee. Leonard akainamisha kichwa, akasema amekosea, atajirekebisha. Mwanaume mzima, kaka, amekubali kuitwa mchoyo mbele ya mama yake. Nilimla yule jogoo huku machozi yananitoka, na mama mkwe akadhani ni shukrani.

Sasa nikueleze ambalo hulijui. Wiki iliyopita nilikuwa Dodoma. Nisamehe sikupita kukuona, ungeniona tu ungeelewa. Walinipima kila kitu, na mwisho daktari akanigeuzia kioo cha mashine anionyeshe figo zangu. Kaka, ni ndogo. Kila moja haizidi ngumi yangu. Nikakaa nikatazama, nikawaza kwamba kitu kidogo hivi ndicho kilichomlaza kaka yangu, aliyekuwa anapanda miti ya mizinga kama nyani. Nikamuuliza nikitoa moja, hii nyingine itaweza? Akasema ikiwa nzima, kazi yote itaichukua yenyewe, ingawa upasuaji ni upasuaji na nitapaswa kujitunza maisha yangu yote. Ndipo nikakumbuka ulichonifundisha kichakani, kwamba mzinga haukombwi wote, unaacha sehemu na nyuki wanaendelea na kazi yao. Daktari amenikubali. Presha nzuri, uzito mzuri. Nilitoka pale natembea sijui nakanyaga nini.

Niliporudi nikaona siwezi kuwaficha wenzangu tena. Jana Jumamosi tukiwa ghalani kwa Sixbert, nikawaambia. Nililia kwanza, halafu nikasema hakuna gauni, ni figo ya kaka yangu, nimewadanganya muda wote huu na naomba msamaha. Nilitegemea wapige yowe. Hana aliangalia chini. Agnes akaendelea kukunja upindo wa kanga yake, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama wameshanipa tarehe.

Walijua. Kaka, walijua tangu mwanzo. Ile jioni nilipokuwa namlilia Leonard jikoni, Agnes alikuwa mlangoni na bakuli la maandazi, kaja kunipa pole ya safari. Alisikia yote. Akaondoka bila kubisha hodi, akapitia kwa Hana, na wakakubaliana wawili kwamba nikipungua peke yangu mji utanitafuna na wakwe watanizuia, lakini tukiwa watatu watu watasema ni wanawake wamepata wazimu mpya. Hana hakuwa na cha kupunguza. Alikuja ili tuwe watatu. Nikamuuliza Agnes, na magoti? Akanyoosha mguu, akalipiga goti kofi, akasema halijawahi kumuuma tangu azaliwe.

Nilikaa juu ya gunia la alizeti. Nilifikiria lile beseni la maandazi linalorudi nyumbani. Nilifikiria zile alfajiri zote, yeye mbele analia magoti mazima ili mimi nisione aibu ya kuhema. Sijui binadamu tumeumbwa na nini, kaka. Nilidhani nawajua watu wa Itigi.

Na palepale juu ya gunia nikakukumbuka wewe. Ule mwaka wa njaa, baada ya mama kufariki, ulikuwa unarudi kutoka kichakani umechoka, na ugali wenyewe haujazi kiganja. Ulikuwa unanisogezea sahani, unasema umeshiba asali huko huko porini. Nikakuamini, nikala. Jioni yake nilimuuliza shangazi Magreth. Ameniambia asali yote uliyopata mwaka ule uliiuza tupate uwele, hukuilamba hata kidole, na kwamba ulikuwa unajifunga kamba tumboni chini ya shati ili usiisikie njaa. Agnes alinidanganya magoti, wewe ulinidanganya tumbo. Mwili huu ambao daktari ameukubali, wewe ndiye uliyeulisha.

Kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni neno lako. Daktari amesema wewe usipokubali hawawezi kufanya lolote. Sikuamrishi, wewe ni mkubwa wangu. Naogopa kisu, siwezi kukuficha. Lakini naogopa zaidi kuamka siku moja na figo zangu mbili nzima na kaka sina.

Leonard anakusalimu, na yeye na watoto wameshakubali. Shangazi Magreth anasema ukikataa atakuja huko mwenyewe, na unajua anavyogombana. Hana anakuombea katika swala zake, na Agnes anamletea Kristina maandazi. Wewe usiyaguse, masharti yako ninayajua. Mpe Miraji jibu aje nalo, hata neno moja linatosha.

Ulipokuwa unanisogezea ile sahani, sikubishana nawe. Sikukuuliza mara ya pili. Nilinyoosha mkono nikala, ndiyo maana nipo. Leo nakusogezea mimi, kwa maneno yako yale yale, ila mimi sidanganyi.

Nimeshiba, kaka. Kula.

Ni mimi mdogo wako,
Evodia