Muhuri wa Kumi

Kalemie, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Kwa yaya yangu Alphonsine, dada yangu mukubwa, huko Kirungu,

Pokea salamu zangu. Mugongo wako uko namna gani na ile baridi ya milima? Miye niko muzima, na mutoto wetu Yasmine anasimamisha kichwa chake mwenyewe. Baba yake, Rachidi, anakusalimia.

Nilikupigia simu mara nne ikalia bure, njo maana ninaandika. Barua anaibeba Papa Isidore mwenye anasafiri na bato kwa ziwa.

Wiki iliyopita nilimaliza siku zangu arobaini za kukaa ndani na mutoto. Siku ya kwanza ya kutoka nilienda na karte yangu ya kulipia mukopo kwa biro ya kredi, kuomba ile kredi ya pili yenye unangojea kwa kununua maharagi. Nilikuwa na furaha mpaka mulangoni. Gérard, yule ajan wa kupokea malipo, akafungua karte, akahesabu mihuri. Tisa. Akaniuliza: "Mama, wa kumi uko wapi?"

Ulikuwa wa tarehe kumi na tano, mwezi wa pili. Sikulipa, yaya. Nilifikiri nimelipa. Pesa niliikunja ndani ya karte, nikaiweka chini ya godoro ya mutoto, nikamwambia Rachidi aipeleke siku yake. Na wewe unajua, chini ya ile godoro njo wageni walikuwa wanaweka zawadi ya mutoto. Siku ya saba mama mukwe alikusanya yote yenye ilikuwa pale, akanunua mbuzi ya akika. Hajui kusoma, karte aliirudisha vizuri pahali pake. Rachidi kuikuta bila pesa, akafikiri nimekwisha kutuma muntu, hakuhesabu mihuri. Hatukuulizana.

Sasa jina langu liko kwa orodha ya wachelewaji. Deni wamelikata kwa akiba yako, ju ni wewe ulinisimamia. Na sisi wote watano wa kikundi hatupati kredi miezi sita.

Ninajua unangojea nini huko juu. Nisamehe.

Mudogo wako,
Hidaya


Kirungu, 14/4/2024

Hidaya,

Salamu. Niko muzima. Mutoto, Mungu amulinde.

Simu nilikuwa ninaiona. Sikutaka kusikia sauti yako, ju ukilia ningekusamehe mbio.

Nilitoa neno kwa walimaji saba. Niliwaambia: musiuze, pesa inapanda kutoka Kalemie. Jana mununuzi mwingine alikuja na mifuko, akajaza yote. Nilisimama kando ya njia, wananipita na maharagi kichwani. Muzee mumoja akaniuliza: "Mama wa mujini, pesa yako inakuja kwa miguu?" Wakacheka mpaka chini ya kilima.

Nimeongea na Gérard kwa simu. Anasema jina linaweza kusafishwa upesi kama kosa halikuwa lako. Mwenye alichukua pesa aende biro, aseme mbele yao, atie kidole kwa karatasi. Basi mama mukwe wako aende.

Alphonsine


Kalemie, tarehe 2 mwezi wa tano 2024

Yaya yangu,

Habari ya huko? Huku mvua imepunguza. Tuko wazima, ila Yasmine ana kikohozi kidogo.

Barua yako niliisoma mara tatu nikitafuta neno "yaya". Halikuwemo. Ninaelewa.

Nilikaa na mama mukwe ili nimwambie. Alikuwa anamupakaa mutoto mafuta. Mbele nifungue kinywa, akasema: "Binti yangu, tangu bwana yangu afariki sikuwa nimefanya jambo la watu. Ile siku nilisimama mbele yao na mbuzi yangu." Anaita mbuzi yangu, yaya. Nikamushikia chupa ya mafuta.

Nikimupeleka kutia kidole kama mwizi, ile siku yake nzima itageuka haya. Siwezi. Miye njo niliweka deni pahali pa zawadi.

Nimeanza kuuza samaki ndagala sokoni. Akiba yako nitairudisha kidogo kidogo, na Gérard atapiga muhuri kwa karte yako kila mwezi.

Mudogo wako,
Hidaya


Kirungu, 25/5/2024

Hidaya,

Unamufunika mama mukwe wako, mimi unaniacha wazi mbele ya watu. Usiniandikie tena.

Alphonsine


Kalemie, tarehe 9 mwezi wa kumi 2024

Yaya yangu Alphonsine,

Ulinikataza kuandika. Nilijaribu kutii, miezi minne na nusu. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Yasmine anatambaa; jana alimwaga mafuta yote ya taa.

Akiba yako imetimia. Muhuri wa mwisho umepigwa jana, karte yako iko ndani ya hii barua, uhesabu. Mama mukwe ananiuliza sababu gani ninashinda kwa jua na mutoto mugongoni. Ninamujibu ninapenda soko. Anasema nina kichwa kigumu kama bwana yake.

Ile miezi sita imekwisha, lakini biro haitaondoa jina langu kwa orodha mpaka mwenye alinisimamia aandike kama angali ananiamini. Karatasi ninakutumia. Ukikataa, wale wenzetu watatu wataingia kikundi kingine, hawana kosa. Miye nitabaki kwa orodha, na sitakuchukia.

Ila pahali pa jina lako nimepaacha wazi. Sikuweka muntu mwingine.

Mudogo wako,
Hidaya


Kirungu, 27/10/2024

Mudogo wangu Hidaya,

Mugongo unaniuma asubuhi, kisha unaachia. Ficheni mafuta ya taa.

Karatasi ilikaa mezani siku tano, ninatafuta neno la kukataa nalo. Halafu nikakumbuka ile siku ya saba, ya akika. Nilikuwa nimefunga mizigo ya kuja huku. Mama mukwe wako alinitafutia kiti, akaleta sahani mwenyewe, akasema: "Huyu njo alisimama kwa ajili ya binti yangu, mumupe paja." Nikakula. Nikaomba na muchuzi.

Miezi hii yote ninakudai, na ile pesa na mimi niliikula.

Nimetia sahihi. Kwa walimaji, neno langu bado halijarudi. Kwa wale saba, wawili tu wamekubali kuningojea tena. Nitaanza na hao.

Mama mukwe usimwambie kitu. Mupe tu salamu, useme Alphonsine anashukuru kwa lile paja.

Na pesa ya kwanza ya kredi mupya, iweke ndani ya sanduku. Ufunguo ukae kwako.

Yaya wako,
Alphonsine