Fremu ya Kutundikia Miavuli

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya kona, juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Imepita, kaka! Baiskeli imepita ukaguzi! Mpwa wako ameandikwa kwenye mashindano ya milimani, namba kumi na saba. Nimeiona namba yenyewe kwa macho yangu mawili, na nimeishika kwa mkono!

Haya, sasa nianze upya kama mtu aliyekwenda shule, hata kama haikuwa miaka mingi.

Mpendwa kaka yangu, shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na goti lako, limepoa au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Usinifiche, nakujua, ukiumwa unasema umechoka tu. Sisi hapa wazima. Shemeji yako mzima, ila ameikalia miwani yake tena, hii ni ya tatu. Cherehani zangu zote mbili zinakwenda. Msimu huu nimeshona sare za shule hadi naona vifungo kwenye sahani ya chakula.

Sasa sikiliza jambo nililokuficha miezi miwili. Ile baiskeli uliyomwachia binti yangu siku ulipoondoka, fremu yake, yale mabomba yanayobeba kila kitu, ilipasuka. Ufa mwembamba kama unywele, pale chini karibu na pedali. Mimi nisingeuona. Yeye aliusikia. Alisema baiskeli inalia akipanda kilima, akaigeuza magurudumu juu, akaifuta kwa kitambaa, akaupata. Niliogopa kukuandikia kwa sababu najua ulivyoipenda ile baiskeli. Basi nimesema, na usinune.

Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani alijitolea kuiziba, nusu saa tu. Binti akamwambia, "Nashukuru, mzee, lakini hii ni alumini. Ukiichoma leo itashika, halafu nikiwa kwenye mteremko itaachia, na mama atakuja kunizoa kwa chepe." Fundi alicheka, lakini alizima mashine yake. Mtoto wa miaka ishirini, kaka, anamfundisha mtu moto!

Shida ni kwamba ukaguzi wa baiskeli ulikuwa jana Jumamosi, na asiyefika na baiskeli kamili anafutwa. Na mwaka huu watatu wa kwanza wanaingia timu ya taifa. Miaka mitatu anaamka alfajiri kupanda vile vilima kabla ya kwenda kazini duka la dawa, na sasa kila kitu kimekwama kwa sababu ya kipande kimoja.

Hapo ndipo nilipoharibu mimi. Nilitaka kumshtukiza. Nikaenda kwa muuza spea ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Hairudishwi, kwa ajili ya kibao chake cha ukutani: Mali ikiuzwa hairudishwi. Nikaona fremu nyekundu inang'aa, na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Kupima sikupima. Miaka ishirini na sita nawapima watoto wa watu kwa jicho na sijakosea bega hata moja. Nikachukua ile kubwa. Unajua mimi nikishona sare huacha pindo, mtoto akue nayo. Basi nikamwachia na binti pindo.

Aliisimamisha kando ya mguu wake, akaitazama, akanitazama mimi. Hakucheka. Akasema, "Mama, ni nzuri sana. Ila mimi nimeshamaliza kukua."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikataka kulia. Akakaa karibu yangu akanieleza taratibu, bila kunidharau. Si urefu tu. Fremu ile ilitaka magurudumu makubwa kuliko yale yako, na haikuwa na mahali pa kufungia breki zako zinazobana ukingo wa gurudumu. Kwa hiyo bei ya kirafiki ingeleta na ndugu zake wote, magurudumu, breki, tairi, na mwisho tungeuza cherehani. Anachotafuta yeye ni fremu itakayopokea vitu vya Mjomba vyote, bila kununua hata skrubu. Alisema hivyo hivyo, vitu vya Mjomba.

Asubuhi yake tukarudi dukani. Fremu niliibeba mimi begani, maana ndiye niliyeinunua, na nilisalimia kila aliyenishangaa. Bwana Hairudishwi alinyoosha kidole kwenye kibao. Binti hakubishana naye. Alizunguka duka polepole hadi pembeni, akaondoa miavuli mitatu na koti la mvua kwenye kitu nilichodhani ni kitundikio. Kumbe fremu! Ya chuma, kijani iliyochujuka, vumbi tele.

"Wewe binti, hiyo ni ya kutundikia miavuli," mwenye duka akasema.

"Naona inaibeba vizuri," akajibu, "haijapinda."

Akaniomba futi yangu na uzi. Kaka, ungekuwepo! Alifunga uzi nyuma, pale linapokaa gurudumu, akauvuta hadi mbele, akauzungusha kwenye kichwa cha fremu na kuurudisha upande wa pili. Halafu akapima kutoka uzi hadi bomba la katikati, kulia na kushoto. Sawasawa! Hapo nilielewa mara moja, maana ndivyo ninavyokagua suruali isije ikavuta upande mmoja. Akagonga kila kiungo kwa sarafu akisikiliza, akakwaruza kutu kwa ukucha aone kama imekula ndani. Mwisho akatoa kwenye mkoba lile bomba linaloshika kiti chako, akalichomeka. Likaingia kama mkono kwenye shati nililoshona mwenyewe.

Mwenye duka alikuwa ameacha kunyoosha kidole. Binti akamwambia, "Rudisha hiyo nyekundu unipe hii, nami nikukagulie zote zilizobaki, kabla mteja hajakurudia na meno mkononi." Alikagua sita. Mbili zimepinda, na yule bwana alikuwa akiziuza kama nzima bila kujua! Mwenye duka alizishusha papo hapo. Akachukua nyekundu, akatupatia kijani, akarudisha na chenji. Bwana Hairudishwi, kaka, amerudisha! Akaniuliza nani kamfundisha huyu. Nikasema mimi. Uzi ulikuwa wangu, kwa hiyo si uongo mtupu.

Baiskeli aliiunga mwenyewe hapa chini ya meza yangu ya kukatia, siku mbili. Usukani ni wako, gia zako, magurudumu yako, hata kengele. Anasema chuma ni kizito kidogo kuliko alumini, atakisukuma kwa mapaja. Mapaja anayo, ya ukoo wetu.

Jana mkaguzi alibana breki, akazungusha magurudumu, akainama akaangalia chini. Akauliza ni fundi gani aliyeiunga. Binti akasema, "Mimi." Yule baba akamwita mwenzake aje aone. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, na nilihakikisha kila aliye karibu anajua huyo ni wa nani.

Nisalimie wifi yangu, na wanao wote, na mama mdogo, umwambie gauni lake liko tayari. Shemeji yako anakusalimu. Mungu awalinde, awape afya na njia nyepesi.

Barua hii usiijibu kwa barua. Binti hajasema kitu, lakini juzi aliniuliza kama goti lako linaweza kuvumilia safari ya basi, halafu akajifanya anafuta cheni. Kwa hiyo njoo, mje wote, vitanda vipo na asiye na kitanda atalala kwenye vitambaa.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye, mama wa namba kumi na saba, nitakayekuwa nimesimama kwenye mstari wa kumalizia tangu saa mbili asubuhi, na nafasi yako nimeiwekea kiti, Jumamosi tarehe ishirini na nane.